Ivan Pavlov: Mwanasayansi aliyetusaidia kumwelewa mbwa anayerukia wageni

Mbwa anayerukia watu si jambo la kucheka kila mara. Mtoto wa miaka minne huangushwa chini. Bibi anayetembea kwa mkongojo hupoteza mizani. Mgeni aliyevaa kanzu nyeupe ya Ijumaa huondoka na alama za matope kifuani. Wenye mbwa wengi hujaribu kumaliza jambo hilo kwa teke, fimbo au mnyororo. Miezi inapita, na mbwa bado anaruka.

Kwa nini fimbo haimfundishi mbwa tulichotaka ajifunze? Sehemu kubwa ya jibu ilipatikana Urusi zaidi ya miaka 100 iliyopita, katika maabara za mtu ambaye hakuwa mfunza mbwa hata kidogo. Alikuwa daktari aliyechunguza jinsi tumbo linavyosaga chakula. Jina lake ni Ivan Petrovich Pavlov. Makala haya yanaeleza maisha yake, na yale aliyoyagundua yanayomhusu mbwa anayekusubiri getini jioni.

Mtoto wa kasisi

Pavlov alizaliwa tarehe 26 Septemba 1849 katika mji wa Ryazan, kusini-mashariki mwa Moscow. Baba yake, Pyotr, alikuwa kasisi wa Kanisa la Othodoksi, na ilitarajiwa kwamba kijana naye angefuata njia hiyo. Akiwa mdogo alianguka kutoka mahali pa juu na kuumia vibaya. Kwa sababu hiyo alichelewa kuanza shule hadi alipofika umri wa miaka 11.

Alisoma shule ya kanisa, kisha seminari. Humo ndimo alimokutana na maandishi ya sayansi, yakiwemo ya Mrusi Ivan Sechenov, aliyeandika kuhusu ubongo na jinsi mwili unavyoitikia mambo ya nje. Mwaka 1870 Pavlov aliiacha seminari, akaenda St. Petersburg kusoma sayansi chuo kikuu. Baadaye alisomea pia udaktari.

Mwaka 1881 alimwoa Serafima Karchevskaya, msichana aliyekuwa akisomea ualimu. Maisha yao ya mwanzo yalikuwa magumu. Kuna wakati fedha hazikutosha hata kupanga mahali pa kuishi pamoja. Mtoto wao wa kwanza alifariki akiwa mchanga. Pavlov alikuwa msomi mwenye shahada, lakini hakuwa na kazi ya kueleweka, na fedha kidogo alizopata aliweza kuzitumia kwa wanyama wa utafiti.

Kati ya 1884 na 1886 alisoma Ujerumani chini ya mabingwa wa fiziolojia, yaani elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi. Hali yake ilibadilika mwaka 1890 alipopata uprofesa katika Chuo cha Tiba cha Jeshi mjini St. Petersburg. Mwaka uliofuata alikabidhiwa idara ya fiziolojia katika Taasisi mpya ya Tiba ya Majaribio. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 40.

Mate yaliyokuja kabla ya chakula

Pavlov alitaka kujua tezi za mwili hutoa nini chakula kinapoingia, na hutoa kwa kiasi gani. Alikuwa mpasuaji hodari, mwenye uwezo wa kutumia mikono yote miwili. Aliwafanyia mbwa upasuaji na kuwawekea tundu dogo la kutolea ute wa tumbo au mate nje, ili aweze kuupima ute huo kwa siku na miezi huku mbwa akiwa hai na anakula kama kawaida. Kazi hiyo ndiyo iliyompatia Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1904, akiwa Mrusi wa kwanza kuipata.

Lakini kulikuwa na jambo lililosumbua vipimo vyake. Mbwa waliokaa maabara kwa muda walianza kudondosha mate kabla chakula hakijagusa ulimi. Waliona bakuli, mate yakatoka. Waliona mtu anayewalisha, mate yakatoka. Hata mlio wa hatua zake ulitosha.

Mtafiti mwingine angeliona hilo kama usumbufu tu. Pavlov aliamua kulifuata. Baadhi ya wasaidizi wake walitaka kulieleza kwa kusema mbwa anawaza, anatamani, anatumaini. Yeye alikataa njia hiyo. Alitaka wahesabu matone ya mate na kuandika kilichotangulia matone hayo, basi. Mwaka 1903, katika mkutano wa kimataifa wa madaktari mjini Madrid, Hispania, alitangaza mwelekeo huu mpya wa kazi yake.

Hapa kuna somo la kwanza kwa mwenye mbwa. Mara nyingi tunasema mbwa wetu ana kiburi, ana dharau, au anajua kabisa anakosea. Maneno hayo hayatusaidii kumrekebisha. Swali lenye faida ni kama lile la Pavlov: kabla mbwa hajaruka kulitokea nini, na baada ya kuruka alipata nini?

Si kengele peke yake

Jaribio lenyewe linajulikana sana. Mbwa anasikia sauti fulani, kisha analetewa chakula. Jambo hilo likirudiwa mara kadhaa, sauti peke yake inatosha kuyatoa mate. Pavlov aliita hali hii mwitikio wa sharti, kwa kuwa hautokei wenyewe tangu kuzaliwa. Unategemea sharti kwamba mambo mawili yamekuwa yakifuatana.

Watu wengi humkumbuka Pavlov kwa kengele. Kwa kweli alitumia vitu vingi zaidi: metronomu, ile mashine inayogonga mapigo kwa wanamuziki, pamoja na taa, milio ya umeme na miguso ya ngozi. Sauti yenyewe haikuwa na uzito. Kilichokuwa na uzito ni kile kilichoifuata.

Sasa rudi nyumbani kwako. Mbwa wako anasikia muungurumo wa bodaboda inayokuleta, au komeo la geti. Kabla hajakuona, mwili wake umeshaamka: mkia unapiga, anahema, anazunguka. Hakuna aliyemfundisha kwa makusudi. Sauti ile imefuatwa na wewe, na pengine na chakula, kila siku kwa miaka.

Zoea linavyozimika, na linavyorudi

Pavlov alijiuliza swali la pili, ambalo linamhusu zaidi mwenye mbwa mrukaji. Zoea likishajengeka, je, linaweza kuondolewa?

Jibu alilipata kwa kuendelea kuwasikilizisha mbwa mapigo ya metronomu bila kuwapa chakula. Mara ya kwanza matone yalikuwa mengi. Mara ya pili yalipungua. Baada ya kurudia mara kadhaa, mate yalikauka. Hakukuwa na kipigo wala ukali. Mwitikio ulizimika kwa sababu haukulipwa tena.

Lakini alipompumzisha mbwa na kumrudishia mapigo yale yale baadaye, mate yalitoka tena, ingawa si kwa wingi wa mwanzo. Zoea halikuwa limefutwa ubongoni. Lilikuwa limezuiwa tu, na kizuizi chenyewe kilikuwa bado kichanga. Ilibidi kazi irudiwe.

Mwenye mbwa asiyejua jambo hili hukata tamaa mapema. Anafundisha wiki nzima, mbwa anatulia, kisha Jumapili anamrukia shemeji. Anaamua kwamba mafunzo hayafai, anarudi kwenye fimbo. Kumbe kurudi kwa zoea ni hatua ya kawaida, iliyoonekana katika maabara ya Pavlov mara nyingi.

Nyumba yenye kuta nene

Tatizo jingine lilimsumbua. Mlango ukigongwa au mgeni akipita barabarani, mbwa alishtuka na jaribio likaharibika. Ndipo ikajengwa maabara maalumu ya kuzuia kelele. Ujenzi ulianza mwaka 1910, kwa msaada wa fedha za wafadhili wa Moscow. Kuta zilikuwa nene, jengo lilizungukwa na mtaro, na mtafiti alikaa chumba tofauti na mbwa. Jengo hilo lilijulikana kama Mnara wa Ukimya.

Hatuhitaji mnara. Tunahitaji kukubali kwamba mbwa hawezi kujifunza utulivu kwa mara ya kwanza wakati wageni sita wanaingia na watoto wanapiga kelele. Mafunzo yanaanza mahali palipotulia, na mtu mmoja, kisha yanapelekwa getini polepole.

Duara na duaradufu

Kati ya majaribio yote ya Pavlov, hili pengine ndilo linalotuhusu zaidi. Mbwa alionyeshwa duara, akapewa chakula. Alionyeshwa duaradufu, yaani umbo kama la yai lililonyooshwa, hakupewa kitu. Punde akajua tofauti: kwa duara mate, kwa duaradufu hakuna.

Kisha watafiti wakaanza kuifanya duaradufu ikaribie kuwa duara. Kila hatua ikawa ngumu zaidi. Maumbo yalipofanana karibu kabisa, mbwa hakuweza tena kuyatofautisha, na jambo lisilotarajiwa likatokea. Mbwa aliyekuwa mtulivu siku zote alianza kulia, kujinyonganyonga na kuuma vifaa. Hata maumbo rahisi aliyokuwa akiyatofautisha bila shida yakamshinda.

Hakupigwa wala kunyimwa chakula. Alivurugwa na alama asizoweza kuzielewa.

Sasa tazama ua wa kawaida. Ukiwa umevaa nguo za kazi, mbwa akikurukia unacheka na kumkuna kichwa. Ukiwa umevaa suti ya kwenda harusini, anapigwa. Watoto wakirudi shule wanamwita aruke. Mama mwenye nyumba anamfukuza kwa ufagio. Kwa mbwa, suti na nguo za kazi ni duara na duaradufu zinazofanana mno. Hawezi kujua leo ni siku ipi. Mbwa wa namna hiyo hujaa wasiwasi, na mbwa mwenye wasiwasi ni hatari zaidi kuliko mbwa mwenye furaha.

Njaa, mapinduzi na mafuriko

Mwaka 1917 mapinduzi yaliipindua Urusi yote. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikafuata, kisha njaa. Mji wa Pavlov, ambao wakati huo uliitwa Petrograd, ulikosa chakula, kuni na umeme. Mbwa wa maabara walikufa kwa njaa. Profesa mwenye Tuzo ya Nobel, aliyekwishatimiza miaka 70, alilima mboga katika kiwanja cha taasisi ili familia yake ile. Fedha za tuzo yake nazo zilipotea katika mapinduzi hayo.

Mwaka 1920 aliiandikia serikali akitaka ruhusa ya kuondoka nchini. Serikali ya Wabolsheviki haikutaka kumpoteza mtu mwenye jina kubwa kama lake. Januari 1921 Lenin alitia saini amri maalumu ya kumhakikishia Pavlov na mke wake mgao wa chakula na mahitaji ya kazi. Alibaki. Hata hivyo, kwa miaka mingi aliendelea kuwakosoa watawala hadharani na kwa barua, akipinga kukamatwa kwa watu na kunyanyaswa kwa kanisa, katika nyakati ambazo wengine walifungwa kwa maneno machache kuliko hayo.

Tarehe 23 Septemba 1924 Mto Neva ulifurika na maji yakaingia katika vibanda vya mbwa. Wahudumu walifika maji yakiwa yamepanda sana, mbwa wakielea karibu na dari. Kwa kuwa milango ya vibanda ilikuwa chini, iliwalazimu kuwazamisha mbwa kwanza ndipo wawatoe. Mbwa waliokolewa, lakini baadhi yao walipoteza mazoea waliyofundishwa kwa muda mrefu. Mmoja, hata baada ya kupona, alifadhaika upya maji kidogo yalipopitishwa chini ya mlango wa chumba chake.

Pavlov alijifunza hapo kwamba hofu kubwa huacha alama ndefu. Jambo hilo linafaa kukumbukwa na kila anayeinua fimbo. Mbwa anayepigwa kila mgeni anapoingia huenda asijifunze kwamba kuruka ni kosa. Huenda akajifunza jambo jingine kabisa: kwamba mgeni akija, maumivu yanakuja. Sauti ya geti inakuwa kwake ishara ya hatari. Siku moja haruki tena, bali anauma.

Mbwa waliolipa gharama

Si haki kumsifu Pavlov na kunyamazia mbwa wake. Mamia walipasuliwa katika maabara zake, na wengi walikufa, hasa katika miaka ya mwanzo. Tayari wakati wa uhai wake kulikuwa na watu Ulaya waliopinga vikali utafiti wa aina hiyo, na leo mengi ya majaribio yale yasingeruhusiwa. Mwaka 1935 sanamu ya mbwa ilisimamishwa katika bustani ya taasisi yake, kwa wazo lake mwenyewe, kuwaenzi wanyama hao. Sanamu hiyo ipo hadi leo.

Mwaka huo huo Pavlov, akiwa na miaka 85, aliongoza mkutano wa kimataifa wa wanafiziolojia mjini Leningrad, jina jipya la mji wake. Katika kijiji cha Koltushi, nje ya mji, alikuwa na kituo kikubwa kilichojengwa kwa ajili ya utafiti wake. Alifariki kwa nimonia tarehe 27 Februari 1936, akiwa na umri wa miaka 86.

Kutoka maabara hadi getini

Kabla ya kumaliza, tutofautishe mambo mawili. Mate hutoka yenyewe, lakini kuruka ni tendo. Matendo ya aina hiyo yalichunguzwa na Mmarekani Edward Thorndike, ambaye mwaka 1898 alichapisha utafiti kuhusu paka waliojifunza kufungua masanduku ili watoke na kula. Alionyesha kwamba tendo linaloleta matokeo mazuri hurudiwa. Getini kwako mambo haya mawili hukutana. Sauti ya geti humwamsha mbwa, kama alivyoeleza Pavlov. Kisha anaruka, na anapata malipo, kama alivyoeleza Thorndike.

Malipo gani? Wewe. Ukimsukuma, ameguswa. Ukimfokea, amesemeshwa. Ukimkazia macho, ametazamwa. Kwa mbwa aliyekaa peke yake kutwa nzima, hayo yote ni mapato.

Kwa hiyo acha kulipa. Akiruka, geuka, kunja mikono, nyamaza. Miguu yake yote minne ikishafika chini, msalimie hapo hapo kwa sauti ya chini, ukichuchumaa ili asiwe na sababu ya kupanda juu kukufuata. Akiruka tena, geuka tena. Siku za mwanzo huenda akaruka zaidi kuliko zamani, kwa sababu kilichokuwa kikimpa faida kimekatika ghafla. Usilegee hapo. Ukimlipa siku hiyo, umemfundisha kwamba inabidi aruke kwa nguvu zaidi.

Mfundishe pia jambo la kufanya badala ya kuruka. Ndani ya nyumba, pakiwa kimya, mfundishe kukaa chini kwa kipande kidogo cha chakula. Akizoea, muombe mtu mmoja wa nyumbani atikise komeo la geti, nawe mpe chakula akiwa ameketi. Rudia siku kadhaa. Sauti ile ile iliyomfanya aruke itaanza kumkumbusha kukaa. Wageni wakija kabla hajaiva, mfunge kamba, usimwachie akajaribu kwa mtoto wa jirani.

Wapo wanaohofia kwamba mbwa wa ulinzi akifundishwa hivi atapoteza ukali. Kumbwekea mtu asiyemjua na kumrukia aliyekaribishwa ni mambo mawili tofauti, na mbwa anaweza kuyatofautisha mradi alama zetu ziwe wazi.

Zaidi ya yote, kubalianeni nyumbani. Baba, mama, watoto, dada wa kazi na mlinzi wafuate kanuni moja, kwa nguo za kazini na za harusini. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mbwa vivyo hivyo. Mmoja tu akiendelea kumchekea anaporuka, kazi ya wengine wote inapotea bure, na mbwa anabaki pale pale, akitazama duara na duaradufu asijue afanye nini.